Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: "Wazee wetu ndivyo walivyofanya"



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinisubiri pale tunapovulia viatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadh, haya yote tunayoyafanya, nitajuaje lipi ni dini na lipi ni mazoea ya wazee tu? Nikiuliza nyumbani naambiwa nimeharibika." Watu walikuwa wanapita, nikamjibu kwa kifupi. Leo nataka nimjibu vizuri, na wewe unayesoma usikilize, maana swali hili nina deni nalo. Nimewahi kukosea pande zote mbili.

*Kosa la kwanza*

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa. Bibi yangu alikuwa na desturi: kila usiku wa Ramadhani, kabla hatujalala, anawakusanya wajukuu ukumbini na kutia nia ya funga kwa sauti, sote tukimfuatisha. Usiku mmoja majirani wapo, nikamwambia mbele yao: "Bibi, nia ni ya moyoni. Hili halina asili." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mume wangu, wewe ndiye uliyesoma." Kuanzia usiku ule hakuwakusanya tena watoto.

Miaka ikapita. Nikapewa darasa la fiqhi kusomesha, na ukisomesha unalazimika kusoma mpaka mwisho wa ukurasa. Nikakuta kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, funga ya faradhi inahitaji nia kila usiku kabla ya alfajiri. Mahali pa nia ni moyoni, kweli, hapo sikukosea. Lakini wanazuoni wa madhehebu wakaona kuitamka ni jambo zuri, ulimi uusaidie moyo. Bibi hakuijua ile kurasa, ila alikuwa amebeba kilichomo ndani yake, na alikuwa anawakumbusha watoto wasilale bila nia. Mimi niliyesoma nusu ndiye niliyemnyamazisha. Nilipojua, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumuomba radhi.

*Kosa la pili*

Baba yangu mkubwa alikuwa na kisukari, anachoma sindano. Daktari alimkataza kufunga. Yeye akasema, "Marehemu baba alifunga mpaka Ramadhani yake ya mwisho. Mimi ni nani nile mchana?" Nilikuwepo pale barazani. Nilikuwa najua Suratul Baqara aya ya 184 na ya 185 zimempa mgonjwa ruhusa, na kwamba Allah ametueleza papo hapo kuwa anatutakia wepesi. Nilikuwa najua kuwa mgonjwa anayetarajia kupona hulipa siku zake baadaye, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hutoa fidia, analisha maskini kwa kila siku. Yote nilikuwa nayajua, nikakaa kimya. Nikajiambia ni adabu, mtoto hamfundishi mzee.

Siku ya tisa akaanguka kabla ya alasiri. Alhamdulillah, alipona. Nilipokwenda kumtazama hospitali aliniuliza jambo moja tu: "Wewe ulikuwa unajua kama naruhusiwa kula?" Nikasema, ndiyo baba. "Sasa mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

*Sasa tuyaweke pamoja*

Desturi ya bibi ilikuwa na mzizi. Kauli ya baba mkubwa haikuwa na mzizi, ilikuwa ni mapenzi kwa marehemu baba yake. Lakini ukiyatazama kwa nje yanafanana, yote mawili ni "wazee ndivyo walivyofanya". Kwa hiyo neno hilo peke yake halithibitishi kuwa jambo ni sahihi, wala halithibitishi kuwa ni kosa. Linakuambia lilikopitia tu. Lilikotoka, itabidi uulize.

Na hivi ndivyo Qurani inavyotufundisha. Katika Suratul Baqara aya ya 170 wanalaumiwa watu walioitwa kwenye aliyoyateremsha Allah wakajibu kwamba wao wanafuata waliyowakuta nayo baba zao. Wengi tunaishia hapo. Sasa fungua Surat Yusuf aya ya 38. Nabii Yusuf yuko gerezani, anawaeleza wenzake kwa fahari kwamba yeye anafuata mila ya baba zake: Ibrahim, Is-haka na Yaakub. Kumbe kumfuata baba kunaweza kuwa lawama na kunaweza kuwa sifa! Tofauti ni kile alichosimamia huyo baba. Na tazama mwanzo wa mnyororo wenyewe: Ibrahim, ambaye Yusuf anajivunia kumfuata, ndiye aliyemuuliza baba yake kuhusu masanamu. Urithi mzuri ule ulianza kwa mtu aliyeuliza.

Tuje kwa Imamu wetu. Imamu Shafi alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akalelewa Makka. Akahifadhi Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, kisha akaenda Madina akakaa mbele ya Malik mwenyewe kama mwanafunzi. Baadaye akatofautiana na mwalimu wake katika masuala mengi, na heshima yake kwake haikupungua. Halafu akafanya lililo gumu zaidi: alipohamia Misri alizipitia upya kauli zake mwenyewe alizozitoa Iraki, akaziacha baadhi. Ndiyo maana wanafunzi wa fiqhi wanasikia "kauli ya zamani" na "kauli mpya". Akawausia wanafunzi wake kwamba wakikuta hadithi sahihi inapingana na kauli yake, washike hadithi. Huyo ndiye tunayejinasibisha naye pwani yote hii. Tusimfanye sababu ya kukataza maswali.

Ila kijana wangu, angalia mpangilio. *Alihifadhi kwanza, akakaa chini ya mwalimu, kisha ndipo akahoji.* Mimi kwa bibi nilianza na kuhoji.

Wala hatuwezi kila mtu kuchunguza kila kitu. Sala yako ulifundishwa na mama, naye alifundishwa na mtu. Qurani unayoisoma imekufikia mdomo kwa sikio, mwalimu kwa mwanafunzi. Ukisema hutaamini ila ulichokithibitisha mwenyewe, hata Alhamdu hutaisoma. Ndiyo maana Suratun Nahl aya ya 43 imetuelekeza tusipojua tuwaulize wenye elimu. Haikusema tunyamaze, wala haikusema kila mtu ajitungie. Imesema tuulize. Na wahenga wetu waliosema *asiyesikia la mkuu huvunjika guu* ndio hao hao waliosema *kuuliza si ujinga*.

Na jamani, tusiwaonee wazee peke yao. Humu kwenye simu kuna urithi mwingine, wa juzi tu. Ujumbe unaingia: "Mtume amesema... watumie watu kumi." Nani kapokea? Kutoka kwa nani? Kiko kitabu gani? Hakuna. Bibi yangu angalau alimjua aliyemfundisha. Kijana anayemkatalia bibi yake kwa sababu hana dalili, kisha anasambaza ujumbe usio na mwenyewe, huyo hajawa mchunguzi. Amebadilisha tu anayemfuata.

*Kazi yetu ya leo*

1. Chagua jambo moja tu unalolifanya kwa sababu umelikuta. Mfano, wapo wanaotema mate kutwa nzima kwa kuambiwa kuyameza kunafunguza. Mate yako mwenyewe, yakiwa masafi na yamo mdomoni, hayafunguzi. Usiniamini mimi tu, muulize mwalimu wako.

2. Ukimuuliza mzee, usianze na "hili halina dalili". Sema, "Bibi, nifundishe, hili nyinyi mlilipata kwa nani?" Huenda ukapata elimu. Na ukikuta kosa, mwambie faragha, si mbele ya majirani.

3. Ukijua jambo linalomdhuru mtu, mwambie leo. Kama nyumbani kwenu yuko mgonjwa aliyekatazwa na daktari na bado anafunga, mpeleke kwa sheikh wake kabla ya daku ya kesho. Kimya changu mimi nilikiita adabu, na hakikuwa adabu.

Suratul Israa aya ya 36 imetukataza kufuata tusilolijua, na imetukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Vyako wewe vitaulizwa, si vya babu yako.

Ewe Mola, wasamehe wazee wetu, walitupa walichokuwa nacho. Mpe bibi yangu nuru katika kaburi lake, na unisamehe mimi. Tupe elimu yenye adabu, na adabu isiyoficha haki. Amin.

Kesho inshaAllah tutazungumzia haki ya jirani wakati wa futari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.