Kutoa ni Moyo, Usambe ni Utajiri

Wahenga waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wengi wetu tuliipokea kauli hiyo kuwa ni faraja kwa maskini, asione haya kutoa kile kidogo alicho nacho. Na maana hiyo ni sahihi, walakini haijatimia, kwani methali imeuweka moyo mbele ya mkono, na moyo ulio asili ya kutoa ndio huo huo unaopata faida ya kwanza ya kutoa.

Itazame hekima ya zaka ya fitri kama ifuatwavyo katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu. Zaka ya mali haimlazimu mtu mpaka mali yake ifikie kiwango maalumu. Lakini pishi ya fitri humlazimu kila mwenye chakula kinachozidi haja yake na ya watu wake kwa usiku na mchana wa Idi, hata akiwa ni fakiri aliyekwisha kupokea pishi za jirani zake. Yule ambaye mwaka mzima amekuwa mpokeaji, siku hiyo naye hupima nafaka akampelekea mwenziwe, na kwa tendo hilo hujiona nafsini mwake kuwa ni mtu miongoni mwa watu, mwenye la kuwafaa wengine. Sijui dawa ya unyonge iliyo bora kuliko hiyo.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walieleza katika jarida la Science jinsi watu huko Kanada walivyopewa asubuhi dola 5 au dola 20, baadhi wakaambiwa wazitumie kwa haja zao, na baadhi wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka kabla ya jioni. Ilipofika jioni, waliowatumilia wenzao walikuwa na furaha zaidi, wala kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Na watu wengine walipotakiwa kubashiri, walidhani kinyume kabisa, kwamba furaha imo katika dola nyingi na katika kujitumilia. Dhana hiyo ndiyo wahenga waliyoikataza kwa neno moja tu, usambe. Baadaye, mwaka 2013, Aknin na wenzake walionyesha kuwa kukumbuka fedha zilizotumika kwa ajili ya wengine kuliwafurahisha watu wa Uganda kama kulivyowafurahisha wa Kanada, ijapokuwa maisha ya nchi hizo mbili yametofautiana mno.

Hata hivyo moyo hauridhiki kwa kila utoaji. Atoaye kwa kushurutishwa huhisi amenyang'anywa. Na atoaye kisha akasimanga humdhalilisha mpokeaji, na yeye mwenyewe hufungwa na kinyongo cha kungoja shukrani isiyotosha kamwe. Ndiyo maana wazee wetu waliipeleka sahani ya futari kwa mkono wa mtoto, imefunikwa kawa, jirani asijue kilichomo wala kinakokwenda. Leo katika michango ya hadhara majina husomwa pamoja na viwango vyake. Shule na zahanati hujengwa kwa fedha hizo, nami siukatai mchango wowote unaomfikia mhitaji. Ila yule aliyehudhuria ili jina lake lisikike, aghalabu hurejea nyumbani akihesabu ni nani waliomzidi.