Kibanda cha kando ya mto ni cha nani?

Sisi watu wa Kisangani tunapenda kibanda kando ya mto Kongo: upepo, samaki wa moto, kelele za mji ziko mbali. Lakini tuseme kweli, kibanda cha miti na majani, maji yakipanda, kinaenda. Kila mara tunakata nguzo upya, tunafunga kamba za msitu upya. Wagenia wanaijua hii kazi kutupita: miti yao ya mitego kwenye maporomoko ya Boyoma, mto ukiivunja, wanaisimamisha tena.

Mwaka moja maji yalibeba kibanda chetu. Kisha mvuvi mmoja akajenga palepale. Tulikasirika sana. Baba yake akatuuliza: «Mwalimu, ulinunua miti ao ulinunua mto?» Tulikosa jibu. Siku hizi tunamuomba nafasi ya kukaa jioni, na tunaleta chumvi.