Matokeo Yarudi Kijijini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayetafiti mapenzi, ujana na uzazi nchini Tanzania hupimwa kwa safari. Akialikwa Ulaya kuwasilisha utafiti wake, hata kwa dakika 15 tu, jina lake hupanda. Kufika huko ni kazi: viza ya Schengen ambayo tangu 2024 ada yake ni euro 90, bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwaliko, na bado anaweza kunyimwa. Mwaka 2022 wajumbe wengi wa Afrika walikosa viza ya kwenda Montreal, Kanada, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, ilhali bara lao ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini uko mlango mwingine uliofungwa, nao tumeufunga wenyewe: ule wa kuyarudisha matokeo kwa watu walioulizwa maswali.

Binti wa miaka 17 anapotia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, kisha akaeleza alivyopata mimba na aliyemtelekeza, anatoa kitu ambacho pengine hata mama yake hajakisikia. Hilo ni deni. Tena kulilipa kuna manufaa. Utafiti wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mkoani Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jumuiya 20, ulionyesha kwamba elimu ya afya ya uzazi iliyotolewa hasa shuleni iliwaongezea vijana maarifa, lakini haikupunguza maambukizi ya VVU. Funzo lake ni zito: haitoshi kumfundisha mtoto darasani ikiwa watu wazima wanaomzunguka wamebaki vilevile. Basi wanaopaswa kuyasikia matokeo ya namna hii ni wazazi, wavuvi, waendesha bodaboda na walimu, na hao hawaendi makongamano ya Ulaya. Na jambo lenyewe si dogo: takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba.

Wapo watakaosema kuyazungumza mambo hayo kijijini ni aibu kwetu. Sikubali. Unyago na jando vimefundisha mwili, ndoa na uzazi tangu zamani, na kungwi hakuwahi kuonekana mvunja maadili. Alichokuwa nacho ni utaratibu: nani afundishwe, na nani, wakati gani, pamefungwa mlango. Mtafiti naye aufuate, azungumze na akina mama peke yao na vijana peke yao. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya siri, kwa sababu kijiji ni kidogo, na kisa kisichotajwa jina bado kinaweza kumtambulisha mwenyewe. Hapo sina mjadala: visa vya mtu mmojammoja visisimuliwe, yaelezwe yale ya jumla tu.

Simzuii mtu kupanda ndege. Elimu hukua kwa kupingwa na wageni. Ninachoviomba vyuo vikuu vyetu ni sharti moja kabla ya kutunuku shahada: matokeo yawe yameelezwa kwa Kiswahili mbele ya waliotafitiwa, na bajeti itenge nauli ya kurudi kijijini kama inavyotenga tiketi ya ndege.