Malaika Alianza na Mkate



Jumamosi iliyopita nilikuwa na darasa la washauri, ndugu na dada 11 wanaojiandaa kuketi na wafiwa, na wenye ndoa zinazoyumba, na vijana waliozama kwenye kamari. Somo lilikuwa kujitunza. Niliwaambia wazime simu, wavute pumzi polepole, watazame tu kilichomo moyoni mwao kwa dakika 3.

Ndugu mmoja akauliza, "Pasta, hii si ni ile mambo ya kuondoa mawazo kwa kichwa?" Swali zuri. Nikamjibu: hatuondoi kitu. Tunatulia mbele za Mungu na kukubali kuona tulivyo.

Kabla dakika hazijaisha, mama mmoja akaanza kulia. Tangu aanze kusikiliza wengine, hajalala usiku mzima. Shida zao anatembea nazo hadi jikoni.

Nami nikaungama. Mwaka jana mama aliyefiwa na mtoto alikuja ofisini kwangu. Alikuwa mtu wa 6 siku hiyo. Akaongea, nami nikaitikia tu "amina, amina". Mwisho akanyamaza, akaniuliza, "Pasta, nimesema mtoto wangu aliitwa nani?" Sikujua. Nilimwomba msamaha, lakini hakurudi tena.

Chuoni nilisomea biashara. Tulifundishwa kuandika vitabuni uchakavu wa kila gari na kila mashine, maana kinachofanya kazi huchakaa. Upande wa huduma sikuandika chochote. Nilidhani mwenye upako hachakai.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, na bado yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baada ya hapo ndipo akafika Horebu na kuisikia sauti tulivu.

Wewe ambaye jamaa na majirani hukupigia simu usiku, nawe ni mshauri. Mtu akishaondoka, tulia dakika 3 kabla ya kupokea mwingine. Mtaje kwa Bwana, umwachie Yeye. Tena uwe na mtu wa kukusikiliza wewe.

Na ukimwona mtumishi amechoka, usikimbilie kumwambia aongeze maombi. Muulize kwanza kama amekula.

Mungu awabariki.