TUTUE MZIGO
Somo: Yeremia 29:4-14



Tangu mwaka 2018 mahali petu hapa Mantapala panaitwa kwa Kiingereza "settlement". Sisi tunasema kambi tu. Lakini neno hilo limetoka katika kitenzi "settle", na kitenzi hicho, katika Kiingereza cha kale, kilitoka katika neno lenye maana ya kiti. Maana yake ya kwanza ni kumpa mtu mahali pa kukaa. Baadaye kikachukua pia maana ya kumaliza ugomvi na ya kulipa deni.

Kiswahili chetu kina kutua. Mama anayetoka ziwani na beseni la samaki kichwani, akifika sokoni Kashikishi, anatua. Humo ndimo lilimotoka neno kutulia. Asiyetua hatulii.

Wako kati yetu wasiotaka kutua. Wanasema: "Kesho tunarudi Pweto, tupande muhogo wa nini?" Muhogo unataka mwaka na zaidi. Kesho hiyo imepita mara nyingi, na watoto wamelala njaa. Hata zamani nabii Hanania aliahidi kwamba waliochukuliwa Babeli watarudi baada ya miaka 2 (Yeremia 28). Lilikuwa neno tamu, lakini Mungu hakumtuma. Yeremia akawaandikia kwamba ni miaka 70: wajenge, wapande, waoze watoto wao, wauombee mji walimo, kwa kuwa ukipata amani, nao wataipata.

Lakini tuangalie vizuri: barua hiyohiyo ina ahadi ya kurudi. Kutua si kusahau nyumbani. Aliyetua mzigo ataubeba tena siku ya safari, tena akiwa na nguvu.

Basi tutue kwa maana zote tatu. Tupande muhogo na miembe, hata kama maembe yataliwa na wengine baada yetu. Waliogombana penye bomba la maji wapatane kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Mwenye deni la unga kwa jirani alilipe. Na tuwaombee wakulima na wavuvi wa Nchelenge waliotupokea.

Yesu aliyewaita wenye kulemewa na mizigo (Mathayo 11:28) awape raha nyumbani mwenu. Amina.