Nyongeza ya Ujira: Hisani au Deni?

Katika soko la Tarakea, mpakani mwa Rombo na Kenya, shilingi za nchi mbili hukutana kila siku ya gulio. Mvua ikikosa upande mmoja, mahindi hupanda bei upande wa pili kabla ya watu kupata habari ya sababu. Kijana aliyeajiriwa ghalani, walakini, hupokea mwisho wa mwezi fedha zile zile alizopatana na tajiri wake miaka mitatu nyuma. Kwa mujibu wa daftari, ujira wake haukuguswa.

Hapa neno nyongeza hupotosha fikira. Mtu akipatana kwa ujira utoshao madebe kumi ya mahindi, kisha akalipwa fedha hizo hizo wakati zinatosha madebe saba tu, amepunguziwa, ingawa hakuna mkono ulioonekana ukichukua. Tajiri akimrudishia madebe matatu hajamwongeza kitu, amelipa deni. Nyongeza ya kweli huanzia debe la kumi na moja. Ajabu ni kwamba waajiri wengi hutaka kushukuriwa kwa yale matatu.

Sheria huja, lakini huja kwa hatua za kobe. Amri ya kima cha chini kwa sekta binafsi iliyoanza Januari 2023 ilikaa miaka mitatu; ile iliyoifuata ilianza tarehe 1 Januari 2026, ikapandisha kima hicho kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Kupanda kwa asilimia 30 kwa siku moja ni ushahidi wa jinsi watu walivyoachwa nyuma siku zilizotangulia. Hakuna amri iliyomkataza mwajiri kuongeza mapema.

Yamkini mwenye duka atajibu kuwa faida yake ni ndogo, na kwamba akiongeza ujira atalazimika kupunguza watu. Jibu hili si la kudharauliwa. Kima cha chini kilipopandishwa mwaka 1963, mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalipunguza vibarua wengi. Lakini udhuru wa kukosa huaminiwa pale mwenye kuutoa anapokosa pamoja na wenzake. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam juu ya masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Rais Nyerere alianza kwa kukata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Tajiri aezekaye nyumba mpya huku akilia ukata hana haki ya kutumia hoja hiyo.

Lipo pia kosa la kumtwika mtu mwingine deni. Njia ya Rongai ya kupanda Kilimanjaro huanzia Nalemoru, si mbali na Tarakea. Mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani langoni, usizidi kilo 20. Ujira wake hauna mizani kama hiyo: wako wenye makampuni wanaomlipa kidogo na kumwachia mgeni alipe pengo kwa bakshishi. Hivyo riziki ya mtu hutegemea ukarimu wa mpita njia, naye aliyemwajiri hulala bila hesabu. Ndiyo maana mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwatetea wapagazi.

Linalobaki ni kuomba. Ujira ukiongezwa kwa aombaye tu, mjuzi wa maneno hupata na mchapakazi mnyamavu hukosa. Na katika nchi ambayo kijana hufundishwa kutomdai mkubwa wake, wanyamavu ni wengi. Haifai mwajiri ajifiche nyuma ya adabu hiyo. Siku ya kuajiri ataje siku ya kuuangalia ujira upya, tuseme kila Julai, na siku hiyo aanze yeye kusema. Akiwa hana cha kuongeza, aje na daftari la mauzo, waketi wawili, amwonyeshe.