Ng'ombe Mwenye Desturi ya Kupiga

Soma Kutoka 21:28, 29 na Marko 1:40–42.

Thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 kama dawa ya usingizi, bila hata cheti cha daktari. Wajawazito waliitumia pia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, wengine bila viungo hivyo kabisa, na wengi walikufa wachanga. Nani angetaka kuiona tena?

Lakini mwaka 1964, huko Yerusalemu, daktari Jacob Sheskin alimpa mgonjwa wa ukoma aliyeshindwa kulala kwa maumivu. Alimtafutia usingizi tu. Baada ya siku chache vidonda vilianza kupona. Dawa hiyo haiui vijidudu vya ukoma. Hutuliza shambulio linalowapata baadhi ya wagonjwa, lenye homa, vinundu vyekundu na maumivu ya neva. Mwaka 1998 Marekani, ambayo awali iliikataa, iliiruhusu kwa ajili hiyo.

Mwenye ukoma aliwekwa nje ya kambi (Mambo ya Walawi 13:46), na Yesu akamgusa. Siwezi kumwambia mtu huyo avumilie ili dhamiri zetu zipumzike. Hata hivyo, sheria ya Musa inamtofautisha mwenye ng'ombe asiyejua na yule aliyekwisha kuonywa, na mwaka 1998 kila mtu alikuwa ameonywa. Ndiyo maana Marekani ilijenga zizi imara: vipimo vya mimba, njia mbili za kuzuia mimba kwa pamoja, madaktari na wauza dawa waliosajiliwa. Chama cha wahanga cha Kanada kilishirikishwa katika kupanga masharti hayo. Kwangu hilo lina uzito kuliko mengine yote, maana walioumizwa waliulizwa.

Brazil zizi lilikuwa na mianya. Dawa iliendelea kutolewa kwa wenye ukoma, na watoto wenye ulemavu wakazidi kuzaliwa. Kwenye pakiti palichorwa mjamzito aliyekatwa kwa mstari. Baadhi ya wanawake wasiojua kusoma walidhani ni dawa ya kuzuia mimba.

Jadilini darasani: Je, pakiti ile ilitosha kumwondolea mwenye ng'ombe hatia? Mama mwenye ukoma anyimwe nafuu leo kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajatungwa mimba? Ni nani anayestahili kuketi mezani jambo hilo linapoamuliwa?